Mtunzi Asiyeandika Mwisho

Daftari la mwendesha mchezo hodari humshangaza anayelifungua mara ya kwanza. Alitarajia hadithi, anakuta orodha. Kuna majina kumi na mawili ya watu ambao bado hawana sura. Kuna ramani ya mji iliyochorwa nusu kwa penseli, nusu nyingine nyeupe. Kuna duara lililogawanywa vipande sita, na viwili vimeshatiwa wino. Chini ya ukurasa kuna swali lililopigiwa mstari: kwa nini mbuzi wameacha kulamba mawe? Hakuna sura ya kwanza wala ya mwisho, na shujaa hatajwi popote.

Mwenye daftari hilo si mvivu. Pengine amekesha siku kadhaa akiandaa mchezo utakaochezwa saa tatu tu. Kazi yake naihesabu miongoni mwa kazi ngumu za utunzi, ila sifa haipati, kwa kuwa matunda yake hayachapwi na hayaonwi na mtu isipokuwa wanne watano waliokaa naye meza moja.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mchezaji ana karatasi ya mhusika wake: mpiga upanga, mwizi, mchawi, kasisi. Mmoja wao hana mhusika, kwa sababu yeye ndiye dunia nzima. Anawaeleza wenzake wanachokiona na wanachokisikia, na anamsemea kila mtu mwingine, kuanzia mfalme hadi muuza samaki. Mchezaji akisema anaupanda ukuta, na ukuta ni mrefu na kuna utelezi, dadu inatupwa kuamua kama amefika juu au ameanguka. Saa zikiisha wanaagana, na wiki inayofuata wanaendelea pale pale walipoishia. Mfululizo huo ndio kampeni, na kampeni nyingine hudumu miaka. Ziko zilizochapwa vitabuni, tayari kwa matumizi, na hakuna ubaya kuzinunua. Mimi nawasema wale wanaojitungia wenyewe: mji wao, miungu yao, joka lao.

Ugumu wa kazi hii uko mahali pamoja. Mwandishi wa riwaya akitaka mhusika wake aingie pangoni, ataingia. Mwendesha mchezo hana amri hiyo. Wenye wahusika wamekaa mbele yake, wanatafuna karanga, na wana mawazo yao. Pango alilolitunga siku nne wanaweza kulipita bila hata kugeuza shingo, wakaenda kumfuata muuza uji aliyetajwa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo anaandaa jambo ambalo hatalitawala, na anatakiwa aliandae vizuri hivyo hivyo.

Hilo liligunduliwa kwa ajali. Mwaka 1969 huko Saint Paul, jimbo la Minnesota nchini Marekani, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita vya enzi za Napoleon. Alikuwa amesoma kitabu kikuukuu cha mafunzo ya kijeshi kiitwacho Strategos, cha Charles Totten, kilichotoka mwaka 1880, ambacho kilimpa mwamuzi mamlaka ya kukata shauri juu ya lolote ambalo wachezaji wangejaribu kulifanya. Wesely akabuni mji wa Kijerumani, akauita Braunstein. Mbali na makamanda wa majeshi mawili, akawagawia wachezaji wengine nafasi za raia: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Mpango wake ulikuwa kuwasikiliza kwa zamu, kila mmoja peke yake. Haukudumu. Watu walikuwa wengi, wakaanza kupigana vikumbo vya maneno, wakala njama pembeni, na wawili wakaamua kupambana ana kwa ana, jambo ambalo hakuwa amelitungia kanuni. Mapigano makubwa ya majeshi, yale yaliyokuwa kiini cha maandalizi yake yote, yakabaki pembeni. Wesely akaamini kazi yake imeharibika. Wenzake wakamuuliza mwingine utakuwa lini.

Aliendelea na michezo ya namna hiyo, mmojawapo ukiwa katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini yenye mapinduzi. Kijana mmoja, Dave Arneson, akaja kwenye mchezo huo akiwa amejitengenezea kitambulisho bandia cha CIA, akawahadaa wenzake mezani kwa kitambulisho ambacho hakuna kanuni iliyokitaja. Arneson ndiye baadaye aliyekaa upande wa pili wa meza, na nadhani ilimsaidia kwamba alikuwa ameshawahi kuwa yule mchezaji msumbufu. Mwaka 1971 alianzisha kampeni yake, Blackmoor: ngome, mji chini yake, mabwawa ya matope pembeni, na mahandaki yaliyoteremka ngazi baada ya ngazi chini ya ngome. Juu ya meza aliweka ngome ya plastiki ili watu waione.

Mambo mawili ya Blackmoor yananivutia. La kwanza ni hili: mashujaa walinogewa mno na mahandaki, wakawa wanashuka kutafuta hazina na kusahau kilichowapeleka pale. Wakati wao wako chini, maadui wakaichukua ngome. Arneson hakuwaonea huruma. Mashujaa walihamishwa wakaishi uhamishoni, mbali na kwao, na kampeni ikaendelea kutokea huko. La pili linahusu mchezaji mmoja ambaye mhusika wake aligeuka kuwa mnyonya damu, tena mwenye nguvu kiasi cha kuwashinda wenzake wote. Mtu mwingine angemwondoa kwa hila. Arneson na wenzake walileta mhusika wa aina mpya: mtu wa dini mwenye uwezo wa kuwakabili viumbe wafu wanaotembea. Kasisi huyo yumo katika mchezo hadi leo, na mamilioni wamemcheza bila kujua kwamba alizaliwa kutatua kero ya meza moja.

Katika yote mawili Arneson hakuwa na hadithi ya kuilinda. Alikuwa na ngome, maadui wenye nia yao, na wachezaji. Mengine yalitokana na kugongana kwao.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, akamwonyesha mchezo wake Gary Gygax. Gygax alitaka kanuni, akatumiwa kurasa chache za maelezo, akazipanua. Januari 1974 kampuni yake changa, Tactical Studies Rules, ikatoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya kasha, nakala 1,000 kwa toleo la kwanza, bei dola 10. Kanuni hizo hazikuja na dunia yoyote. Mwenye kuendesha aliambiwa achore mwenyewe mahandaki yake, ngazi zisipungue sita, ndipo awaite wenzake. Kujitungia ndiko kulikokuwa desturi. Dunia za kununua zilifuata baadaye.

Tutunge basi kamji hapa hapa, tuone kazi inavyokwenda. Tuuite Lango la Chumvi. Uko mlangoni mwa mto, watu wake huishi kwa majaruba ya chumvi, na kila mashua inayopanda mto hulipa ushuru chini ya lango la mawe. Inatosha. Anayeanza hapa hushawishika kuandika ukoo wa wafalme kwa miaka elfu tatu, vita vya miungu, na asili ya kila kabila. Nimesoma madaftari ya namna hiyo. Ni mazito, na hayachezeki, kwa maana hakuna mchezaji atakayemuuliza mtoza ushuru babu wa babu wa mfalme alikuwa nani. Ray Winninger, aliyeandika juu ya kazi hii katika jarida la Dragon miaka ya 1990, aliweka kanuni yake ya kwanza kuwa usijilazimishe kutunga zaidi ya unachohitaji. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: kila kitu kikubwa unachokitunga, kipe siri yake.

Kwa hiyo badala ya historia tunaandika watu, na kila mtu tunamwandikia anachotaka. Mtoza ushuru amekopa fedha za lango akazipoteza, na anataka kustaafu kabla hesabu hazijakaguliwa. Mjane mwenye jaruba kubwa upande wa mashariki anamficha kijana anayetafutwa na walinzi. Kuhani wa mungu wa maji kujaa na kupwa amekuwa akiomba mwaka mzima bila kujibiwa, naye hajamwambia mtu. Mistari mitatu tu, na tayari mji unatembea. Wachezaji wakimwendea yeyote kati yao kwa lolote, mwendesha mchezo anajua atajibu nini, kwa sababu anajua mtu huyo anaogopa nini. Hana haja ya kuwaandikia mazungumzo. Akiyaandika, atajikuta anayasoma kwa sauti huku wenzake wakipiga miayo.

Sasa siri. Chini ya majaruba ya mashariki limelala joka, na limeanza kuamka. Lina kiu ya chumvi, linainyonya ardhini. Hili ndilo jambo ambalo wachezaji wanapaswa kuwa na uwezo wa kuligundua, na hapa mafundi wamejifunza kwa kuumia. Ukiweka dalili moja, hawataiona. Justin Alexander, mwandishi wa kitabu kinene cha mwaka 2023 juu ya kazi ya uendeshaji, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kila jambo unalotaka wachezaji walitambue liwekewe dalili zisizopungua tatu. Hesabu yake ni ya mtu anayewajua binadamu: ya kwanza wataipita, ya pili wataipuuza, ya tatu wataielewa visivyo, halafu mmoja ataifasiri kwa namna ambayo hukuwahi kuiwaza akafika pale pale.

Za kwetu ziwe hizi. Visima vya upande wa mashariki, vilivyokuwa na maji ya chumvi tangu mababu, vimekuwa vitamu, na watu wanafurahia. Madaftari ya ushuru yanaonyesha magunia yakipungua mwezi hadi mwezi, kuanzia jaruba la mwisho mashariki na kusogea magharibi. Na mbuzi, ambao kila asubuhi walikuwa wakienda kulamba mawe ya ukuta wa zamani, hawaendi tena. Dalili hizo ziko katika njia tatu tofauti. Mwenye mhusika wa kupiga soga atasikia habari za visima. Mwenye kupenda kupekua atakutana na madaftari, na papo hapo atakutana na deni la mtoza ushuru, kwa hiyo dalili moja imefungua milango miwili. Na yule ambaye kila mchezo huuliza habari za wanyama, yuko kila meza, atapewa mbuzi wake. Hakuna ulazima wa mtu kuwa pahali fulani saa fulani.

Halafu tunaipa dunia mwendo. Lile duara la vipande sita limeenea sana tangu mchezo wa Apocalypse World wa Vincent Baker, uliotoka mwaka 2010. Kila kipande ni hatua ambayo adui ataifikia iwapo hakuna atakayemzuia, na fundi mzuri huhakikisha kila hatua inaonekana na macho ya watu wa mji. Kipande cha kwanza, visima. Cha pili, mbuzi. Cha tatu, jaruba moja linapasuka na maji ya bahari yanatoka chini badala ya juu. Cha nne, mvuvi anarudi na samaki waliopikika. Cha tano, kuhani anajibiwa, na anayemjibu si mungu wake. Cha sita hakihitaji maelezo. Wachezaji wakiamua kutumia wiki mbili za ndani ya mchezo kumsaka mwizi wa kuku, ni haki yao, na hakuna wa kuwaswaga warudi kwenye njia. Mwendesha mchezo anachukua kalamu na kutia wino kipande cha tatu. Yale yaliyowapata mashujaa wa Blackmoor walipoiacha ngome yatawapata na hawa.

Gygax alilisema hilo kwa ukali katika kitabu chake cha waendesha mchezo cha mwaka 1979: kampeni isiyohesabu siku zake haina maana. Wengi wamemcheka, kwa sababu kuandika tarehe za dunia isiyokuwepo kunaonekana kama ukarani mtupu. Msomaji wa pwani atamwelewa upesi. Pale ambapo vyombo vilikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, upepo wenyewe ulikuwa ndio kalenda: uliamua lini fedha iko mjini, lini nyumba za kulala wageni zimejaa, lini deni linalipika. Lango la Chumvi nalo tulipe upepo. Majahazi ya wanunuzi yatafika upepo ukigeuka, baada ya siku arobaini. Manahodha wakikuta maghala matupu, hawatasubiri maelezo. Mara moja mtoza ushuru ana tarehe ya kuogopa, mjane ana tarehe ya kumtorosha kijana wake, na wachezaji wana sababu ya kuhesabu siku bila kuhimizwa na mtu.

Kuna kona moja ya ufundi huu ambayo ningeweza kuikalia siku nzima, nayo ni majedwali ya dadu. Tuseme wasafiri wetu wanapita usiku kando ya majaruba, na kila saa dadu inatupwa kuona wamekutana na nini. Asiyeizoea kazi ataandika mambo ishirini na kutumia dadu ya pande 20. Kila jambo litakuwa na nafasi ya asilimia 5, na joka litatokea mara sawa na mbwa koko. Fundi huchukua dadu mbili za kawaida za pande sita na kuzijumlisha. Jumla ya 7 inapatikana kwa njia 6 kati ya 36. Jumla ya 2 kwa njia moja tu, na ya 12 vilevile. Kwenye 6, 7 na 8, ambazo pamoja zinachukua njia 16, anaweka maisha ya kila siku ya mahali: wachukuzi wakirudi na vikapu vitupu, walinzi wa ushuru, mbuzi wanaotangatanga. Kwenye 4 na 10 anaweka mambo ya kuinua nyusi. Kwenye 2 anaweka mkia wa kitu kikubwa ukizama matopeni. Unaweza kumsoma mtunzi kwa jedwali lake, maana ndiyo kauli yake kuhusu mahali hapo pakoje usiku wa kawaida, na wachezaji wataijua kauli hiyo kwa miguu, bila kuhutubiwa.

Vijitabu vya mwaka 1974 vilikuwa na jedwali jingine la dadu mbili ambalo leo wengi wamelisahau, kwa hasara yao. Lilihusu namna kiumbe anavyowapokea wageni: jumla ndogo ni uadui, kubwa ni ukarimu, na katikati, pale pale penye njia nyingi, ni mashaka. Maana yake ni kwamba kiumbe wa gizani kwa kawaida hajaamua. Mchezaji ana nafasi ya kusema neno. Mwandalizi aliyeliweka jedwali hilo kichwani haandiki kwamba mazimwi matano yanashambulia. Anaandika mazimwi matano yamebeba mwenzao mgonjwa, na yanatafuta chumvi. Wakipigana, sawa. Wakiuziana, kampeni imepata kabila zima ambalo halikuwa kwenye daftari.

Mahandaki nayo yana fundi wake mkuu. Marehemu Jennell Jaquays, aliyefariki Januari 2024, alichora mwaka 1979 mapango ya Caverns of Thracia, na watu bado wanayafundishia. Ramani ya anayejifunza ni mstari: chumba, mlango, chumba, mlango, hadi kwa joka. Mchezaji hana la kuamua ila kwenda mbele au kurudi nyumbani. Jaquays alifungua milango ya kuingilia zaidi ya mmoja, akaweka ngazi zinazoruka tabaka, akaunganisha njia zikawa mizunguko, hivi kwamba kundi linaweza kumkwepa adui, kumzunguka, au kujikuta limetokea nyuma yake bila kutaka. Baadaye alibuni hatua za michezo ya kompyuta, Quake II ikiwamo, na hilo halimshangazi aliyekwisha kuifuatisha Thracia kwa kidole. Chini ya majaruba yetu, kwa hiyo, tusiweke pango moja. Liwepo shimo la kisima kitamu, liwepo handaki la walanguzi linalotokea nyumbani kwa mjane, na liwepo pango la ufukweni linaloingilika maji yakipwa tu. Zote zikutane chini, katika ukumbi ambao tutauchora nusu.

Nusu, kwa makusudi. Fundi cherehani mwenye busara hukata gauni la msichana akabakiza kitambaa ndani ya mshono, kwa kuwa mwenye gauni bado anakua. Mwandalizi wa kampeni anaacha nafasi za namna hiyo kila mahali, na kujua pa kuziacha ndiko kunakomtenga na aliyechoka tu kuandika. Mike Carr, aliyekuwa katika kundi lile lile la Minnesota, alitunga mwishoni mwa miaka ya 1970 kitabu cha kuwafundisha wanaoanza, In Search of the Unknown. Vyumba vilichorwa na kuelezwa, lakini viumbe na hazina havikuwekwa. Palikuwa na orodha pembeni na mstari mtupu wa kujaza. Mwanafunzi alilazimika kuamua mwenyewe nani anakaa wapi. Sijui mwalimu mwingine wa utunzi aliyebuni zoezi rahisi namna hiyo.

Nafasi nyingine tupu huwa ni za wachezaji. Katika kikao cha awali, kabla ya dadu kuguswa, wenye meza hukubaliana aina ya mchezo wanaoutaka na mambo ambayo hayataletwa kabisa. Fundi mjanja huongeza maswali: nani katika Lango la Chumvi anakudai? Ni kitu gani cha mji huu ulikikuta utotoni na sasa hakipo? Mchezaji mmoja anasema mjane ni shangazi yake. Vizuri sana, kijana aliyefichwa sasa ni binamu. Mwingine anadai alifukuzwa ukuhani. Daftari linasahihishwa papo hapo, na kila jibu limepunguza kazi ya usiku mmoja. Hapa nawashangaa wanaotunga kila kitu kabla hawajajua ni nani atakayecheza.

Kuna wanaoruka upande wa pili na kusema hakuna haja ya kuandaa chochote. Mtu akae tu na abuni papo kwa papo. Sikubaliani nao. Nimewaona wakibuni. Kila mlinzi ana ukali ule ule, kila nyumba ya kulala wageni ina jiko na mzee mwenye siri, na kila jina linalotakiwa ghafla linafanana na la jana. Akili ikibanwa hushika kilicho karibu. Ndiyo sababu ya ile orodha ya majina kumi na mawili. Mchezaji akimuuliza muuza uji jina lake, mwendesha mchezo anasoma la juu, anakata mstari, anaandika pembeni "uji, kigugumizi", na mwanamke huyo amezaliwa. Muuza uji asiyepangwa anaweza kuwa ndiye mtu wanayempenda kuliko wote, na baada ya miezi kadhaa wakawa tayari kuuchoma mji kwa ajili yake. Waendesha mchezo hulalamika kwa furaha juu ya jambo hili. Waziri mwenye kurasa tatu za maelezo hakumbukwi na mtu.

Kubana kazi ikae kwenye ukurasa mmoja ni ufundi wa peke yake. Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeshaununua mchezo wa Gygax na Arneson, iliitisha mapendekezo ya dunia mpya, na hatua ya kwanza iliruhusu ukurasa mmoja tu. Yalifika zaidi ya 11,000. Aliyechaguliwa alikuwa Keith Baker, na dunia yake, Eberron, ikachapwa mwaka 2004. Watu huzungumzia treni zake za umeme wa kichawi na vita vilivyokwisha bila mshindi. Mimi nauwazia ule ukurasa: ni mambo mangapi aliyokuwa nayo kichwani akayakalia, ili machache yaliyobaki yamfanye msomaji aulize zaidi.

Upande wa pili yuko Ed Greenwood, mkutubi wa Kanada aliyeanza kuisimulia dunia yake ya Forgotten Realms akiwa mtoto katika miaka ya 1960, miaka mingi kabla ya kuchapwa rasmi mwaka 1987. Mtu angemhesabu kuwa ndiye yule wa miaka elfu tatu ya wafalme. Lakini makala zake nyingi katika Dragon alizisema kwa kinywa cha mchawi mzee wa huko huko, Elminster, mpiga domo anayejua mengi na kuyaona kwa jicho lake. Habari zikitoka kwa mtu wa ndani, zinaweza kuwa na chumvi ndani yake, na mwendesha mchezo wa mbali anaruhusiwa kuamua kwamba mzee alikosea. Hata mwenye shehena kubwa kuliko wote aliona haja ya kubakiza kitambaa.

Mchezo ukiisha na karanga zikifagiliwa, kazi nyingine inaanza, nayo ni ya karani. Nani aliahidiwa nini? Wachezaji wamemwambia nani jina lao la kweli? Jana walimwonea huruma mtoza ushuru, wakamkopesha dhahabu ya kuziba deni. Hofu yake imekwisha, kwa hiyo mstari wake lazima uandikwe upya, maana mtu asiyeogopa kitu hana la kufanya mezani. Labda sasa anataka kulipa fadhila, na njia pekee anayoijua ni kuwaambia walinzi habari za kijana wa mjane. Vipande vya duara vinahesabiwa. Kilichotungwa na hakikutumika kinahamishwa: pango lililopitwa bila kutazamwa litatokea kaskazini mwa mto, likiwa na jina jingine, na hakuna atakayejua.

Maelezo ya Blackmoor yalichapwa mwaka 1977 na kampuni ya Judges Guild kwa jina The First Fantasy Campaign, na ni moja ya vitabu vilivyovurugika zaidi katika fani hii. Bei za majeshi ziko karibu na ramani, ramani karibu na visa vya wachezaji, na mambo ambayo msomaji anayahitaji hayamo kwa sababu yalikuwa kichwani mwa Arneson au mdomoni mwa rafiki zake. Ukikisoma ukitafuta hadithi utakitupa. Ukikisoma kama daftari la kazi, utaona kila ukurasa umeguswa na mtu aliyeulizwa swali asilolitegemea akalijibu. Arneson mwenyewe alikuja kuwa mwalimu. Hadi mwaka 2008, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alifundisha katika chuo cha Full Sail huko Florida, na somo lake lilikuwa ni namna ya kuandika kanuni za mchezo ziwe kamili na zieleweke.